Alama ya Mtani

Mteja wangu wa kwanza asubuhi ile alikuwa na jina "Zubeda" shingoni, na Jumamosi alikuwa anamuoa Mwanahawa. Wa pili alikuwa na simba mgongoni, ila mchoraji alimkosea, akatoka kama mbuzi aliyesukwa nywele. Wateja wa aina hiyo nawapenda. Wino wao umekufa. Unaupiga leza, unapasuka, mwili unaula kidogo kidogo, na mtu anarudi kwao na ngozi aliyozaliwa nayo na akili kidogo zaidi ya aliyokuja nayo.

Wa tatu alikuwa Maduhu, na hakuwa kwenye orodha.

"Mzaramo," alisema akifunga mlango kwa kisigino, "lango la stesheni limenikataa."

"Limeona hilo tumbo. Nyie Wasukuma mnatakiwa mpite lango la mizigo."

Hakucheka. Akaweka mkono wa kushoto juu ya meza yangu, kiganja chini. Nyuma ya kiganja palikuwa na duara jeusi lenye mikato miwili, ukubwa wa kifuniko cha soda. Kazi ile niliitambua. Nilikuwa nimeichora mwenyewe, siku nne nyuma, matangani kwa baba yake mdogo.

Sisi Wazaramo na Wasukuma ni watani, na msibani mtani ana kazi yake: kuwakumbusha wafiwa kwamba wana meno. Wengine walikuja na rambirambi, mimi nilikuja na kesi. Nilivaa kanga ya shangazi yangu kama joho la jaji, nikamshitaki Maduhu mbele ya waombolezaji wote kwamba kaiba masikio ya marehemu. Nikamtia hatiani kabla hajafungua mdomo. Halafu nikatoa kalamu ya alama na kichupa cha wino, nikampiga alama ya mwizi, ile ile inayopigwa mahakamani. Shangazi zake walicheka mpaka mmoja akasahau alikuwa anamlilia nani. Maduhu mwenyewe alicheka huku machozi yanamtoka, na ule ndio ulikuwa ushindi wangu.

Kichupa nilikichukua kwenye droo ya hapa kituoni tunapofutia michoro. Tunaweka wino hai kidogo, ule wa mahakama unaosomwa na malango, wa kujaribia mashine kwenye ngozi ya nguruwe. Kiliandikwa kimeisha muda tangu mwaka juzi. Mimi nikadhani wino ulioisha muda ni kama maziwa yaliyoisha muda.

"Ulisema unatoka na sabuni," Maduhu alisema.

"Umesugua?"

"Nimesugua na sabuni. Nimesugua na jiwe la miguu. Jana mke wangu kasugua na majivu na mchanga, akaniuliza kama nampenda mwanamke mwingine, kwa nini nimechorwa."

Nikapitisha kisomeo juu ya mkono wake. Niliomba kwa Mungu, na kwa bahati mbaya niliomba nikiwa nimeshaona jibu. Kioo kikawa chekundu: MWIZI. ASITOKE WILAYA YA KIBAHA. MIAKA SABA.

Tarehe ya kwenye kichupa, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa ya rangi. Baada ya hapo mtengenezaji haahidi weusi mzuri. Wino wenyewe haujui kalenda.

"Na mayu?" nikauliza. Mama yake tunamwita hivyo hivyo sote, kwa Kisukuma chake. Yuko Magu, peke yake.

"Tabibu wa zahanati kasema atafika mpaka pamba ivunwe, si zaidi. Moyo umevimba, miguu imejaa maji. Hata kumhamisha chumba ni kazi, sembuse kumleta huku." Akautazama mkono wake kama kitu alichookota. "Nikamwambia basi nitampigia simu ya picha kila siku. Akasema macho yamekwisha, na picha haishikiki."

Ilikuwa mwanzoni mwa Machi. Kule kwao pamba inachumwa kuanzia Juni.

"Futa, mtani," akasema. "Futa niende nikashikwe."

*

Kabla ya kuunguza tulijaribu njia ya haki. Ofisi ya Alama ina dirisha moja, na nyuma ya dirisha alikaa mama mmoja aliyevaa miwani kwenye paji la uso, kama vile paji ndilo linalosoma.

"Nani kakupiga alama?" akamuuliza Maduhu.

"Ni mzaha wa msibani, mama."

"Nimeuliza nani."

Maduhu akatazama dari. Nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake, mkono wangu mfukoni, na kalamu ile ile ilikuwa bado mfukoni.

"Simkumbuki," akasema. "Nilikuwa na majonzi."

Hapo inabidi mtu aelewe. Mtani hakasiriki. Mtani hashitakiwi. Nikikuchukulia kuku wako msibani nikamchinja, utanitukana mpaka kizazi cha saba, lakini ukienda polisi wewe ndiye utakayeonekana huna adabu. Maduhu asingenitaja hata kama yule mama angemning'iniza dirishani.

"Mwenye alama hasikilizwi," mama akasema, si kwa ubaya. "Kila mwizi aliyesimama hapo ulipo alikuwa na mzaha wake."

Wakati wanabishana mimi nilikuwa nasoma tangazo ukutani. Ni refu, limeandikwa kwa herufi za sisimizi, na lilibandikwa pale ili isemwe kwamba lilibandikwa. Kifungu cha tisa kilisema hivi: aliyempiga mtu alama pasipo amri ya mahakama aje mwenyewe, aweke mkono wake, ndani ya siku tisini. Alama ya aliyepigwa italazwa, yaani itazimwa, papo hapo. Naye mpigaji atapigwa ya kwake. Siku tisini zikipita, alama huhesabiwa imekomaa, na iliyokomaa ni ya kweli.

Nilikisoma mara mbili. Mara ya tatu nilikuwa najifanya nasoma.

Nitasema ukweli, kwa sababu sina tena faida ya kusema kitu kingine. Nimewaona waliomaliza miaka yao saba. Wanakuja kwetu kufutwa kihalali, wana barua. Mlango wa kituo tunauacha wazi kwa ajili ya hewa, na wao wanasimama pale mlangoni, mlango uko wazi kabisa, wanasubiri ufunguke. Inabidi uwaite ndani. Mmoja nilimwita mara nne. Niliposoma kile kifungu, nilimwona huyo mtu, na alikuwa na uso wangu.

"Tangazo linasemaje?" Maduhu akaniuliza tulipokuwa tunatoka.

"Mambo ya picha za paspoti. Nyuma pawe bluu."

"Serikali bwana," akasema, na akanipiga bega.

*

Leza ni mwanga uliopigwa ukawa kama sindano. Fizikia nilipata D, lakini hili nalielewa: mpigo ni mfupi kiasi kwamba ngozi haipati nafasi ya kugundua imepigwa, ila wino unagundua. Unapata joto, unavimba, unapasuka vipande vidogo sana. Kisha chembechembe nyeupe za damu zinakuja kama kunguru jalalani, zinabeba vipande, zinaondoka navyo. Kazi ya mashine inaisha dakika kumi, ya mwili inachukua wiki sita. Ukiharakisha unamchoma mtu, hufuti kitu.

Kwa hiyo nilipiga hesabu. Mara ya kwanza siku ya nane, ya pili siku ya hamsini, ya tatu nikaiwahisha kidogo, siku ya themanini. Zote saa ya chakula, mlango umefungwa, maana kufuta alama hai bila barua ni kosa lingine lenye kifungu chake. Nilijiambia kwamba nikiifuta ndani ya siku tisini hakuna atakayehitaji kusimama dirishani. Ilikuwa hesabu nzuri. Ilikuwa na kasoro moja tu, nami sikuijua.

"Inauma?" nilimuuliza mara ya kwanza, miwani ya kinga imetubana wote wawili usoni.

"Kama kupigwa na mpira wa manati."

"Mara ngapi?"

"Na kijiji kizima."

Ngozi ilipauka nyeupe kama iliyonyunyiziwa unga wa muhogo. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Maduhu aliuma kitambaa, halafu akakitema ili anitukane, akasema mashine yangu inapiga kelele kama Mzaramo aliyeombwa kulima. Kila mara alikuwa na tusi jipya. Alikuwa ananirahisishia kazi, nami nilidhani anajirahisishia maumivu.

Mara ya pili mama yake alipiga simu tukiwa katikati. Mikono ya Maduhu yote ilikuwa na shughuli, nikapokea mimi.

"Mzaramo," mayu akasema. Sauti ilikuwa ndogo, inapumzika kila baada ya neno la pili. "Mwanangu umemficha wapi?"

"Nimemuuza, mayu. Nimepata ngoma moja na kanga mbili."

"Umepunjwa. Ila usijali. Anavyokula, aliyemnunua atamrudisha."

Tukacheka wote watatu, Maduhu huku mkono unafuka moshi. Kisha nikasikia pumzi ya mayu ikipanda ngazi.

"Mwambie huyo mnunuzi," akasema, "nimshike uso mara moja tu. Halafu amchukue."

Maduhu aligeuza uso ukutani. Mimi nikasema mnunuzi ni mtu mgumu lakini nitaongea naye. Kisha nikarudi kwenye mashine, maana mashine ilikuwa kitu pekee chumbani kisichonitazama. Ilikuwa siku ya hamsini. Ningeweza kuvua koti, nikatembea mpaka dirishani, na jioni ile Maduhu angekuwa ndani ya treni. Nilijua hivyo kwa uwazi wote, kama unavyojua umeacha jiko linawaka. Nikapiga mipigo mia mbili mingine.

*

Siku ya themanini na nane duara lilikuwa limetoweka. Ngozi ilibaki nyororo, imepauka kidogo, kama mahali palipokuwa pamewekwa saa. Mke wake alimbusu pale pale kwenye mkono, mbele yangu, jambo ambalo Msukuma hafanyiwi hadharani bila kulipa ng'ombe. Akamfungia viazi na kuku wa kukaanga, tukaenda stesheni mchana, treni ya saa nane.

Mimi nilitangulia. Lango likafunguka. Nikasimama upande wa pili nikijifanya ofisa.

"Haya, kijiji cha Magu, pita na ng'ombe wako wote."

Maduhu akanyoosha mkono juu ya kioo. Taa ikafikiri. Ikawa nyekundu.

Akafuta mkono kwenye suruali, akarudia. Nyekundu. Akajaribu mkono wa kulia, ambao haujawahi kuchorwa kitu tangu azaliwe. Nyekundu. Watu wa nyuma wakaanza kuguna, na mama mmoja akaivuta pochi yake akaikumbatia. Maduhu aliiona ile pochi. Hajawahi kuchukua hata kalamu ya mtu, na aliiona.

Tulirudi kituoni, nikapitisha kisomeo kwenye mkono: kimya. Kwenye kiwiko: kimya. Nikapandisha mpaka bega, na kilipofika kwapani kikalia.

Wino uliokufa ukipasuka, vipande vinabebwa vinaishia kwenye tezi za kwapani na vinakaa pale bila kumsumbua mtu. Wino hai vipande vyake vinatafutana. Chembechembe zilivibeba kama nilivyozielekeza, safari baada ya safari, zikavitua mahali pamoja, na huko vikaunganika upya. Kwenye kioo cha kisomeo niliona duara lenye mikato miwili, dogo, safi, zuri kuliko la kwangu. Leza haifiki huko; lango, linalosoma mwili mzima, linafika. Kisu kinafika, lakini tezi za pale zikikatwa zote mkono unavimba maisha yote, na nani alisema wino hautahamia shingoni.

"Limeenda wapi?" Maduhu akauliza.

"Ndani."

"Ndani wapi?"

Nikamgusa kwapa. Akatekenyeka, akacheka kwa bahati mbaya, halafu akakaa kwenye kiti cha wateja na kile kifurushi cha kuku magotini.

Zilibaki siku mbili.

Siku ya themanini na tisa nilisoma kila kitu kilichoandikwa kuhusu tezi. Siku ya tisini niliomba ruhusa kazini, nikaenda Ofisi ya Alama, nikapanga foleni. Nilikuwa wa kumi na moja. Mbele yangu watu walipungua, wakapungua, kama vile kuna mtu anawapakua. Nilifika dirishani. Mama aliteremsha miwani kutoka kwenye paji.

"Ndiyo, baba?"

Mkono wangu ulikuwa tayari uko juu ya kizingiti cha dirisha. Nakumbuka baridi ya bati.

"Samahani, mama," nikasema. "Choo kiko wapi?"

Akanielekeza. Nikaenda chooni. Nilikaa mle mpaka nikasikia wanafunga dirisha.

*

Kesho yake nilirudi asubuhi na mapema, nikawa wa kwanza. Usiku sikuwa nimelala na nilikuwa jasiri kupita kiasi, kama mlevi anayetaka kupigana na mwembe.

"Mimi ndiye niliyempiga Maduhu alama," nikasema. "Kwa kalamu hii hapa. Nipige ya kwangu, yake muilaze."

Mama akaandika jina, akasubiri kioo chake, akakisoma.

"Siku tisini zimepita jana."

"Najua. Niko hapa sasa."

"Imekomaa, baba. Iliyokomaa ni ya kweli."

"Nakwambia niliiba wino kituoni nikamchora mtu asiye na kosa."

"Kwa kumbukumbu hizi huyo mtu ni mwizi," akasema taratibu, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Na kumpiga mwizi alama ya mwizi si kosa. Sasa mimi nikuandikie nini?"

Nikamwambia aniandikie chochote. Nikamwambia ni utani, Wazaramo na Wasukuma, yeye mwenyewe kabila gani, hana watani? Akasema anao, Wangoni, na wanamsumbua sana. Kisha akachungulia nyuma yangu akamwita anayefuata.

Nilitoka pale mkono wangu ukiwa safi kama wa mtoto wa jana.

Maduhu ni fundi wa pampu za maji. Nilimkuta uani kwake ameifungua moja, ameipanga vipande vipande juu ya gunia. Mkewe aliniona, akaingia ndani bila kunisalimu.

"Nina jambo," nikasema. "Lile tangazo kule ofisini. Sikukwambia ukweli."

"Kifungu cha tisa," Maduhu akasema.

Alikuwa anasafisha kipande cha shaba kwa kitambaa, hakuinua kichwa.

"Ulikijua?"

"Nilirudi kesho yake. Nilitaka kujua picha za paspoti zinahusiana nini na mimi." Akakiweka kile kipande mahali pake kwenye gunia. "Nikakisoma."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe ni mtani wangu. Ningekuambia nenda, ingekuwa nimekushitaki." Akachukua kipande kingine. "Nilijua utaenda. Kila ulipowasha ile mashine nilisema moyoni, leo akimaliza ataenda. Ndiyo maana nilikuwa nachekesha. Nilidhani mtu akicheka inakuwa rahisi kwenda."

Nilitaka kumwomba radhi, na katika utani hakuna hilo neno, hatukuwahi kulihitaji. Kwa hiyo nikafanya ninachokijua. Nikamwambia yeye ni Msukuma mjinga kuliko wote waliowahi kuchunga ng'ombe, siku tisini anangoja jibu bila kuuliza swali.

Maduhu akaniangalia. Nilisubiri. Nilikuwa tayari kwa lolote, anirushie pampu nzima.

"Ni kweli," akasema. "Karibu ukae, ndugu Kondo. Utakunywa chai?"

Tangu tukiwa darasa la pili hajawahi kuniita jina langu.

"Acha hizo," nikasema.

"Sukari hatuna, samahani. Nitamwomba mke wangu aulize kwa jirani."

"Maduhu."

"Nina ombi moja, kama hutajali." Alikuwa anafuta mikono, kidole kwa kidole. "Mama hali yake si nzuri. Leo asubuhi hakuweza kuongea, jirani yake ndiye aliyeshika simu. Pamba wameanza kuchuma. Wewe lango linakufungukia. Ukipata nafasi, ungefika Magu ukamwambia kwamba siji. Ningependa aambiwe na mtu aliye karibu naye, asiambiwe kwa simu."

Nikasema nitaenda leo hii. Akashukuru.

Alinisindikiza stesheni. Njiani nilimtania kuhusu tumbo, kuhusu pampu, kuhusu shangazi zake, nikamtania mpaka vitu ambavyo hata mtani anaviacha. Kila kimoja alikijibu vizuri: ndiyo, kweli, inawezekana. Alinibebea begi. Tulipofika alisimama nyuma ya mstari wa njano, mahali wanaposimama wasiosafiri, akanikabidhi begi kwa mikono miwili.

Niliweka mkono juu ya kioo. Lango halikufikiri hata kidogo.

"Safari njema, ndugu Kondo," Maduhu akasema. "Ufikishe salamu zangu."

Nikageuka nikiwa upande wa pili. Nikamtukana. Nilitukana ukoo wake, ugali wao, ng'ombe wao, marehemu baba yake mdogo na masikio yake, kwa sauti, abiria wote wamesimama, mpaka askari akaanza kunijia.

Maduhu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu kwa mgeni, akanipungia ule mkono wake msafi.